Mama wa Ubatizo na Ushuhuda wa Kweli

Neno "msimamizi" limekuwa jepesi katika sharika zetu. Mtoto aletwapo kubatizwa, watu wawili au watatu wasimama karibu na birika, waitika maneno yaliyomo katika kitabu cha ibada, kisha waenda nyumbani kwa wazazi kula wali. Mwaka upitapo hawajui kama mtoto ameugua au ni mzima, wala afikapo umri wa Kipaimara hawajui kama ameandikishwa. Waalimu wa sharika wametuuliza mara nyingi, Msimamizi ni nani hasa? Nao wametuuliza swali jingine lililo gumu kuliko hilo: Akifa mama wa ubatizo aliyependwa sana, naye alikuwa na kosa linalojulikana na watu wote, tumkumbukeje mbele ya mtoto wake wa ubatizo? Tufiche, au tuseme?

Mwezi huu twajaribu kulijibu swali hilo la pili. Tumechagua mfano wa mbali, katika nchi ya Marekani, ili mtu yeyote asidhani kwamba twamsema jirani yake.

Kwanza habari ya desturi yenyewe, kwa kifupi. Katika siku za mateso Kanisa halikuweza kumpokea kila ajaye bila kumjua. Yampasa Mkristo anayeaminiwa asimame na kusema, Mtu huyu namjua. Tertullian, mwalimu wa Kanisa huko Karthago katika Afrika ya Kaskazini, aliwataja wasimamizi wa watoto yapata mwaka 200, naye aliwahurumia, kwa maana waweza kufa kabla ya kutimiza ahadi zao, au kumwona mtoto akigeuka kuwa mtu mbaya. Luther alipoiweka ibada ya ubatizo katika lugha ya Kijerumani mwaka 1523, alionya kwamba wasichaguliwe watu wa ovyo kuwa wasimamizi, bali watu wenye adabu na imani. Basi kazi ya msimamizi tangu mwanzo ni kushuhudia. Asema kwa ajili ya mtoto asiyeweza kusema, na baadaye amwambia mtoto huyo yale ambayo wengine waogopa kumwambia.

Mama wetu wa ubatizo alikuwa mjane, mkulima wa migomba, asiyejua kusoma. Siku ya Kipaimara chetu, wageni wakiwa wamekaa na chakula kimeandaliwa, alitusifu kwa kuwa tulijibu vema maswali ya mchungaji; kisha, kwa sauti ile ile, akauliza mbele ya wote ni lini tutarudisha jembe la jirani. Tuliona haya sana. Lakini jembe lilirudi kabla ya jua kuchwa.

Sasa tuje kwa mfano wetu. Lillian Gish alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1893 katika mji wa Springfield, jimbo la Ohio. Baba aliiacha nyumba, na mama akaingia katika kazi ya michezo ya jukwaani ili awapatie watoto wake mkate. Lillian mwenyewe alianza kuigiza kabla ya kutimiza miaka kumi, na mdogo wake Dorothy vile vile. Mwaka 1912 rafiki yao Mary Pickford aliwapeleka kwa mtengenezaji wa sinema aitwaye D. W. Griffith, na tangu hapo Lillian akawa mmoja wa waigizaji wakuu wa zile picha zisizo na sauti. Ni ajabu kidogo kwamba mwanamke tunayemtaja kuwa msema kweli alijulikana na ulimwengu kwanza katika picha ambazo hakuna aliyesikia neno lake.

Hakuolewa, wala hakuzaa. Alikuwa mshirika wa Kanisa la Anglikana la Marekani. Mtoto wake wa ubatizo alikuwa James MacArthur, aliyezaliwa Desemba 1937, akachukuliwa akiwa mchanga na kulelewa na Helen Hayes, mwigizaji mkubwa wa jukwaani, pamoja na mumewe Charles MacArthur, mtungaji wa michezo. Walikaa Nyack, kando ya mto Hudson, na nyumba yao ilikuwa na wageni wengi, waandishi na waigizaji. Huzuni pia ilipita humo: mwaka 1949 Mary, binti wa nyumba hiyo, alikufa kwa ugonjwa wa polio akiwa na miaka 19, na James alikuwa na miaka 11 tu. James naye alifuata kazi ya wazazi wake, akajulikana sana kwa mchezo wa televisheni uitwao Hawaii Five-O.

Wazee wengine watauliza, Sinema ina nini na somo la Kanisa? Twawajibu kwamba mtu apimwa katika kazi aliyo nayo, awe mvuvi au mtoza ushuru. Katika kazi yake Lillian hakumung'unya maneno. Mwaka 1925 alifanya mkataba na kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer. Baada ya muda wakubwa waliona kwamba watu wamechoka na sura yake ya usafi, wakamwambia watamtungia kashfa, ili magazeti yapate habari na watu warudi kununua tiketi. Yeye mwenyewe alilisimulia jambo hilo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1969. Alikataa. Hakutaka kuigiza ndani ya studio, kisha aigize na nje pia.

Tena alipotaka kuigiza habari ya yule mwanamke mzinzi katika kitabu cha Nathaniel Hawthorne, aliambiwa kwamba haiwezekani, maana makanisa na vyama vya wanawake hawataki. Mwingine angetafuta mlango wa nyuma. Yeye aliwaandikia hao hao waliokataa, akajitia dhamana kwamba kazi itafanywa kwa heshima, wakamkubalia, na picha ikatoka mwaka 1926. Twapenda neno hilo, kujitia dhamana. Ndiyo kazi ya msimamizi.

Na mwaka 1941 alisema hadharani kwamba nchi yake isiingie vitani. Alikuwa amefika Uingereza na Ufaransa mwaka 1917, mizinga ikilia, akayaona mambo ya vita kwa macho yake. Kwa maneno hayo alichukiwa, na milango ya kazi ikafungwa mbele yake. Sisi hatusemi kwamba shauri lake lilikuwa jema. Hitler hakuwa mtu wa kuachwa. Twasema tu kwamba hakusema lile lililompendeza mwajiri.

Miongoni mwa picha zake tatu zatufaa sisi waalimu. Katika ile ya mwaka 1916 iitwayo Intolerance, yeye ni mama aketiye akitikisa kitanda cha mtoto, basi. Na Griffith airudia sura hiyo kila ahamapo kutoka zama moja kwenda nyingine, tangu Babeli hata siku zake. Katika Way Down East ya mwaka 1920 yeye ni msichana aliyedanganywa na mwanamume kwa ndoa ya uongo. Yu peke yake katika chumba cha kupanga, na mtoto wake mchanga yu karibu kufa, hajabatizwa. Hakuna mchungaji. Basi mama huyo achukua maji, ambatiza mtoto wake mwenyewe. Tungependa kila mwalimu wa usharika aifikiri sura hiyo, kwa maana bado wako Wakristo wasiojua kwamba ubatizo wa dharura waweza kufanywa na Mkristo yeyote, mwanamume au mwanamke, kwa maji na kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, ila baadaye amwarifu mchungaji ili iandikwe. Katika picha hiyo hiyo Lillian alilala juu ya barafu ya mto wa kweli, mkono na nywele zikiburura majini, akarudia mara nyingi. Mkono ule haukupata kuwa mzima kabisa tena.

Ya tatu ni The Night of the Hunter, ya mwaka 1955, na hii ina sauti. Lillian alikuwa karibu na miaka 62. Aigiza mwanamke mzee, Rachel Cooper, akaaye kando ya mto Ohio na kuwakusanya watoto wasio na watu. Awalisha, awaogesha kwa nguvu, awakemea, na usiku awasimulia habari za Biblia. Watoto wawili wafika kwake kwa mashua, wakimkimbia mtu ajifanyaye mhubiri, naye ni mwuaji. Mtu huyo aja mpaka uani. Usiku akaa nje gizani, aimba wimbo wa ibada kwa sauti nzuri; na mama mzee aketi kitini ndani, bunduki mapajani, aitikia wimbo ule ule. Lakini yule mwongo aliruka jina la Yesu, na mama alitia jina hilo mahali pake. Tumesoma mahubiri mengi juu ya manabii wa uongo. Machache yamesema zaidi ya dakika hizo.

Mpaka hapa msomaji aweza kusema, Mama mwema, tumshukuru Mungu, tuende zetu. Lakini hatujafika penye swali letu.

Mwaka 1915 Griffith alitoa picha iitwayo The Birth of a Nation, yenye urefu wa saa tatu hivi. Ilitokana na kitabu cha Thomas Dixon, ambaye, aibu ni yetu sisi wachungaji, alikuwa amepata kuwa mhubiri. Yasimulia habari za Marekani baada ya vita vya 1861 mpaka 1865, watumwa walipowekwa huru. Watu weusi waonyeshwa kama wavivu, walevi na wenye tamaa, tena wengi wao waliigizwa na Wazungu waliojipaka weusi usoni. Lillian aliigiza Elsie Stoneman, binti wa mwanasiasa. Mwanamume chotara ataka kumwoa kwa nguvu, na wapanda farasi wa chama cha Ku Klux Klan, waliovaa kanzu nyeupe, waja mbio kumwokoa. Picha yawaita hao mashujaa.

Matunda yake yalionekana upesi. Picha ilionyeshwa katika nyumba ya Rais Wilson mwaka ule ule. Chama cha NAACP, kilichoanzishwa mwaka 1909 kutetea haki za watu weusi, kiliipinga mji kwa mji. Na mwezi wa Novemba William Simmons, naye aliyewahi kuwa mhubiri, alipanda mlima uitwao Stone Mountain katika jimbo la Georgia pamoja na wenzake, wakachoma msalaba, wakaifufua Ku Klux Klan, iliyokuwa imekufa zamani. Chama hicho kilipiga watu, kiliua watu, kilichoma nyumba.

Twasoma Amri ya Nane, na kwa kawaida twaifundisha kama habari ya umbea wa kisimani. Yatupasa kuona kwamba picha hiyo ilikuwa ushuhuda wa uongo juu ya taifa zima la watu, uliosemwa bila sauti katika miji mingi. Na katika ushuhuda huo, uso ule ule wa upole uliotikisa kitanda na kumbatiza mtoto ulitumiwa kuwa dalili ya uongo. Watu waliutazama uso wake, wakaogopa watu weusi. Sisi tulio weusi hatuwezi kulipita neno hili kwa kukohoa.

Lillian alikuwa na miaka 21 picha ilipotoka. Kosa la ujana husameheka upesi, hasa la msichana aliyekulia katika njaa na kupewa kazi na mtu mkubwa. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 1969, akiwa mzee wa miaka 75, bado alimtetea mwalimu wake, akakataa kwamba alikuwa na chuki juu ya watu weusi. Mpaka mwisho alimwita Bwana Griffith, kwa adabu, kama mwanafunzi. Hapo ndipo tuonapo udhaifu wake. Kwa wakubwa wa studio, kwa wenye magazeti, kwa watu wa vita, aliweza kusema neno gumu. Kwa mtu aliyempa mkate hakuweza. Nasi twajua hali hiyo. Ni wangapi kati yetu wawezao kumsema mmisionari aliyewasomesha, au mjomba aliyelipa karo? Shukrani ni njema, lakini yaweza kufunga kinywa.

Tumkumbukeje basi? Luther, alipoifafanua Amri ya Nane katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alifundisha kwamba tumtetee jirani, tumnene mema, na mambo yake tuyafasiri kwa upande ulio mwema. Wengi hudhani maana yake ni kufunika. Sivyo. Kufasiri kwa wema si kulifuta jambo. Ni kulitaja jambo lenyewe, kisha kutafuta kwa uaminifu ni nini kilichomfikisha mtu pale. Na jirani si marehemu peke yake. Yule mjane wa Georgia aliyechomewa nyumba naye ni jirani, naye ana haki katika Amri ile ile. Tukimnena Lillian mema kwa kumnyamazisha mjane huyo, tumeivunja Amri kwa mkono mmoja tulipoishika kwa mkono mwingine.

Jambo hili lilitokea kweli. Katika Chuo Kikuu cha Bowling Green, jimboni Ohio, ukumbi wa sinema ulifunguliwa mwaka 1976 kwa jina la ndugu hao wawili, Lillian na Dorothy. Mwaka 2019 wanafunzi weusi wa chuo walisema kwamba hawawezi kupita kila siku chini ya jina la mwigizaji wa picha ile, na wakuu wa chuo wakaliondoa. Waigizaji wengi mashuhuri waliandika barua kupinga, na mmoja wao alikuwa James Earl Jones, mtu mweusi, wakisema kwamba si haki kumpima mwanamke wa kazi ya miaka 75 kwa picha moja. Basi watu weusi wenyewe hawakuwa na neno moja, wala msomaji asidhani kwamba sisi tulio mbali twaweza kuwakatia shauri.

Ila twaweza kueleza lililotupata usharikani. Mzee mmoja wa kanisa alitujia akitaka tufute jina katika daftari la ubatizo. Msimamizi wa mjukuu wake alikuwa ameiba fedha za chama cha ushirika, akafungwa, akafia huko. Mzee alisema, Mtoto ataona haya siku atakapopewa cheti chake. Tulifikiri siku mbili. Kisha tulimwambia kwamba jina lake kwenye ubao wa wafadhili, ukutani mwa kanisa, baraza la wazee laweza kuliondoa, kwa maana ubao ule ni heshima, na heshima hutolewa na kuondolewa. Lakini daftari si heshima, ni ushuhuda. Siku ile mtu huyo alisimama kweli, alimshika mtoto kweli, aliahidi kweli. Tukilifuta, ni sisi tunaosema uongo sasa. Mzee hakufurahi. Alituomba angalau tuandike kwa wino mwembamba, tukacheka wote wawili, na jina likabaki lilivyo.

Kwa hiyo kama mtoto wa ubatizo akiuliza juu ya msimamizi wake, twashauri wazazi wamweleze mema na mabaya kwa kinywa kimoja na katika siku moja, wala wasiyaache mabaya ayapate kwa watoto wa jirani penye mpira. Waanze na yale aliyomtendea mtoto mwenyewe. Kosa walitaje kwa jina lake, wala wasiliite "matatizo." Mtoto wa miaka kumi aweza kulichukua neno hilo, kuliko tunavyodhani.

Lillian aliendelea na kazi kupita kadiri ya watu. Mwaka 1971 alipewa tuzo ya heshima ya Oscar. Picha yake ya mwisho, The Whales of August, ilitoka mwaka 1987, akiwa na miaka 93. Aigiza mjane amtunzaye dada yake kipofu katika nyumba kando ya bahari. Sehemu kubwa ya mali yake iliwekwa kuwa mfuko wa tuzo kwa watu wa sanaa, na tuzo hiyo yaitwa kwa jina lake na la Dorothy.

Alifariki usingizini, New York, tarehe 27 Februari 1993, siku tatu baada ya Jumatano ya Majivu, akiwa na miaka 99. Alizikwa katika kanisa la Mtakatifu Bartholomayo, karibu na mama yake na Dorothy. Helen Hayes, rafiki yake, alimfuata tarehe 17 Machi. James alikuwa na miaka 55. Katika Kwaresima ile moja alifiwa na mama wa ubatizo, na siku 18 baadaye na mama aliyemlea.